Gari Lililonyimwa Uraia

Kwa muda mrefu, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne, niliamini kwa moyo wote kwamba gari la marehemu baba lilinyimwa uraia wa Tanzania. Sisi watu tulipewa, lenyewe likabaki mkimbizi. Niliamini pia kwamba pale mpakani kuna mtambo unaozijua sauti za injini zote zilizovuka kutoka Burundi, na siku injini ya gari lile ikinguruma tena, mtambo utapiga king'ora, maofisa watakuja, na ukoo mzima utanyang'anywa vyeti vya uraia na kurudishwa ng'ambo pamoja na gari, sisi tukilisukuma.

Usicheke. Ungekuwa kijijini kwetu Titye wakati ule ungeamini na wewe, tena ungeongeza chumvi yako.

Ilianza hivi. Tulipoitwa kupewa uraia tulipanga foleni ambayo mimi nasema ilianzia Kasulu ikaishia Kakonko, ingawa kuna wabishi wanaodai iliishia kwenye uwanja wa mpira. Kila mtu alipakwa wino vidoleni, akapigwa picha, akala kiapo. Jioni ile watu wakiwa wamekaa wanakunywa kwa furaha, mmoja akauliza kwa utani, "Na lile gari la mzee, vidole vyake vimechukuliwa?" Tukacheka mpaka tukakohoa. Kesho yake swali likawa halichekeshi tena. Keshokutwa likawa habari. Wiki haijaisha, kuna mtu alikuwa na shemeji yake Kibondo aliyeongea na mlinzi wa ofisi fulani, na mlinzi amethibitisha: kitu chochote kilichovuka na wakimbizi bila kuandikishwa bado ni cha kule, na kikiamka kinawavuta wenyewe. Mambo ya mtambo na king'ora yaliongezwa na baba yangu mdogo, ambaye ana kipaji cha kuzimalizia habari za wenzake.

Kwa watu wengine hiyo ingekuwa hadithi ya kilabuni tu. Kwetu haikuwa. Sisi tumekua tukiulizwa "nyie ni wa wapi?" sokoni, shuleni, zahanati, hata makaburini tukiwa tumeshika majembe tunamzika mtu wetu. Mtu aliyeipata karatasi baada ya kungoja namna hiyo haichezei. Mama aliifunga yake kwenye nailoni, nailoni akaitia kwenye kopo, kopo ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, na yeye mwenyewe akalala juu ya kitanda.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, la zamani, lenye taa za duara mbele na makalio yaliyochongoka nyuma kama mkia wa mbayuwayu. Baba alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa kahawa kule Burundi. Mwaka ule watu walipoanza kukamatwa, tajiri wake aliitwa asubuhi kwenda kuhojiwa. Baba akamngoja barabarani ndani ya gari mpaka jua likageuka. Alipoona hakuna anayetoka, akaenda kumpakia mama, akapakia majirani wengi kadiri milango ilivyokubali kufungwa, akaendesha. Mimi nilikuwemo, tumboni mwa mama, na maisha yangu yote nimesimulia safari ile kana kwamba nilikuwa nachungulia dirishani. Wakavuka, wakapanda milima, wakafika huku juu. Baba aliliendesha kidogo siku za mwanzo, kisha vipuri vikakosekana, akaliegesha nyuma ya nyumba na kulijengea paa la nyasi. Likakaa. Kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Mpera ukaota chini yake, ukatoboa sakafu iliyooza na kutokea dirishani, na tukala mapera yake bila aibu. Baba akafa. Gari likabaki.

Basi uvumi ulipoiva, baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo. Alikuwa ameshaongea na wanunuzi wa chuma chakavu kutoka Kibondo.

"Likatwe," alisema. "Likatwe vipande, lipakiwe, liondoke. Uraia wetu ulale usingizi."

"Halikatwi," nikasema.

"Wewe msomi wa jioni, subiri wakubwa wamalize."

Ananiita msomi wa jioni kwa sababu nilipata elimu yangu kwenye masomo ya jioni mjini Kasulu, nikienda kwa baiskeli baada ya kutoka shamba, nikikaa dawati moja na vijana ambao baba zao nilicheza nao mpira. Mwalimu wa fizikia alikuwa mdogo kuliko viatu vyangu. Lakini nilifaulu, na cheti kimetundikwa ukutani mahali ambapo baba mdogo lazima akione kila akija kula kwetu.

"Nimewasubiri wakubwa miaka yote," nikasema. "Mimi na gari hilo tulivuka siku moja, kwa njia moja. Kama mimi nimekuwa Mtanzania, na lenyewe litakuwa. Nalitengeneza."

"Ukilitengeneza si litanguruma?"

"Litanguruma mpaka Kigoma mjini wasikie."

"Yebaba we!" Baba mdogo akawageukia wengine. "Mmemsikia? Tutarudishwa wote kwa ajili ya bati lenye mpera ndani!"

Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa naamini kila neno la king'ora kile. Lakini kuna kitu kilinipanda kifuani. Maisha yetu yote tumekuwa watu wa kunyamaza: usiongee Kirundi kwa sauti, usibishane na jirani, usidai sana, wasije wakakumbuka ulikotoka. Sasa tumepewa karatasi, na bado tunataka kukata gari la baba yetu vipande ili tusisikike! Nikaona hapana. Kama uraia wangu hauwezi kuvumilia sauti ya injini, basi bora nijue mapema.

Mama ndiye aliyefunga kikao. Alikuwa amenyoosha miguu yake yenye maumivu juu ya mkeka. "Mpeni mpaka kiangazi kijacho, tukishavuna maharage," alisema. "Likitembea lenyewe bila kusukumwa, ni lake na asiliguse mtu. Lisipotembea, likateni."

"Sawa, shemeji," baba mdogo akajibu haraka, na ndipo nilipojua ana jambo. "Lakini kwa usalama wa wote, petroli isiingie hapa nyumbani. Alitengeneze bila petroli."

"Na litatembeaje bila petroli?" nikauliza.

"Hilo wewe ndiye umesoma fizikia."

Wote wakaitikia. Nikabaki na gari ninaloruhusiwa kulifufua kwa masharti kwamba lisipumue.

Nilianza kwa kukata mpera, na mke wangu akasusa kwa siku kadhaa kwa sababu ya mapera. Kisha nikafungua injini. Jamani! Ilikuwa imeganda kama ugali wa juzi. Nilichomoa plagi, nikafunga spana kwenye nati kubwa ya mbele, nikaning'inia kwenye spana ile kwa uzito wangu wote, ambao si haba, na injini haikutikisika hata kwa adabu. Nilihitaji mafuta ya kulainisha. Baba mdogo akaitisha kikao kingine kidogo kuamua kama mawese ni mafuta au ni chakula. Wakaamua ni chakula. Basi nikayachemsha mawese, nikayamimina ya moto kwenye matundu ya plagi, kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na kijiji kizima kikawa kinanusa kama kuna mtu anakaanga samaki asiyeisha. Siku moja nilipovuta spana, ikasogea. Sogeo dogo, upana wa ukucha. Nilipiga kelele ambayo nina hakika ilisikika kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, na kuna watu huko walisimama kwenye foleni ya mgao wakidhani ugawaji umeanza.

Kutu ndiyo ilikuwa adui mkubwa. Vipuri vidogo vyote vilikuwa vimevaa kutu nene. Mjini wanauza dawa za kutoa kutu, lakini sisi tuna pombe ya ndizi. Kila nyumba ya kwetu inayojua heshima ina muvure, ule mtumbwi wa gogo ambamo ndizi mbivu hukamuliwa. Muvure wa mama ulikuwa na pombe iliyochacha kupita kiasi, hata walevi wa kudumu walikuwa wameikataa. Nikaiomba. Nikazamisha humo nati, springi, vifuniko vya breki, vipande vya kabureta, vyote. Baada ya siku chache nikavitoa, nikavisugua kwa majani makavu ya mgomba na mchanga, chuma kikatoka cheupe kama meno ya mtoto.

"Sasa mimi pombe ya harusi nitakamulia wapi?" mama aliuliza, akitazama muvure wake uliojaa maji mekundu.

"Mama, hii ndiyo harusi."

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa lugha ya nyumbani. "Lakini bibi harusi ananuka."

Tangi la petroli lilikuwa na kutu ndani, pasipofikika kwa mkono. Nikatia kokoto, nikamimina pombe ileile, nikaziba mdomo, na mimi na mke wangu tukalishika huku na huku tukalitikisa. Chaka-chaka-chaka, mchana kutwa. Watu wakaja wakidhani kuna ngoma. Bibi mmoja wa kwaya akaanza kabisa kupiga vigelegele. Walipokuta ni mume na mke wametokwa jasho wanabembeleza tangi, walitusimulia mpaka Kasulu sokoni.

Gari lilikuwa na kitabu chake cha matengenezo ndani ya kisanduku cha dashibodi, kimeliwa na panya pembeni, na chote ni Kifaransa. Masomo ya jioni hayakunifikisha huko. Nikaenda nacho karibu na kambi ya Nyarugusu, kwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akiuza vitenge, mtu aliyesoma kwa masista huko kwao. Akavaa miwani, akafungua ukurasa, akafunga, akafungua tena.

"Weye papa," alisema, "hii motokari bado iko nazunguka?"

"Inalala. Nataka iamke."

"Bibi yako anajua?"

"Mke wangu? Yeye ndiye anatikisa tangi."

Akacheka mpaka wateja wakasogea. Lakini alinisomea, kiti chake kikiwa juani, akinifafanulia kwa mikono: hii demarere ndiyo ya kuwasha, hii sofazi ndiyo ya joto, hii hapa pengo lake linapimwa unene wa kadi. Kila nilipokuwa na swali nilirudi, na kila nikirudi nilinunua kipande cha kitenge ili nisimpotezee siku bure. Ndiyo maana viti vya gari langu, vilivyokuwa vimebaki springi na manyoya ya kuku, leo vimevaa maua makubwa mekundu na tausi wa njano. Wanaume wa kijiji walisema ni gari la kike. Nikawaambia wasikae basi, nao wakanyamaza kwa sababu walikuwa wameshaanza kupanga atakayekaa mbele.

Demarere ilikuwa imekufa moja kwa moja, nikaiacha. Magari ya enzi hizo yana hendeli: unaichomeka mbele, unazungusha kwa mkono. Raba za breki nilipata Kibondo, zilikuwa za pikapu ya Kijapani, nikazichonga kwa wembe mpaka zikakubali. Matairi nayo nilitoa Kibondo, yakarudi na mimi juu ya lori la mihogo. Gasketi ndogo ndogo nilikata kwa maboksi ya biskuti. Betri ilikuwa ile ya sola iliyowasha taa zetu nyumbani, na hapo mke wangu alikataa katakata. "Umeoa mimi au umeoa hilo?" aliniuliza. Nikamwambia siku likitembea atakaa mbele, na majirani wote watamwona. Akafikiri. Akanisaidia kubeba betri.

Na muda wote huo baba mdogo alikuwa ananinusa. Nasema kweli. Nikirudi kutoka mjini alikuwa anasimama njiani, ananisalimia kwa kunishika mikono yote miwili kwa upendo mwingi, kisha anaipeleka puani. "Aa, mwanangu, umenona," anasema, huku pua inafanya kazi. Akikosa petroli anarudi kwake ameridhika. Kila kitu kilikuwa tayari na hakuna tone la kuliwasha. Nilikuwa nalizungusha kwa hendeli, pistoni zikipanda na kushuka kimya kimya, na mimi nimesimama mbele yake kama mtu anayezungumza na mgonjwa asiyejibu.

Maharage yalivunwa. Siku iliyofuata lori la chuma chakavu likafika kutoka Kibondo, na watu wawili wenye mitungi ya gesi ya kukatia. Baba mdogo akatangulia mbele yao kama shemasi.

"Muda umekwisha, msomi. Halijatembea."

"Halijapewa petroli."

"Makubaliano ni makubaliano."

Watu wakakusanyika. Mmoja wa wale wakataji akaligonga gari kwenye paa kwa kidole, akasikiliza, akasema kwa heshima, "Chuma cha zamani hiki. Kizito." Nilikuwa nimelisugua paa lile kwa mikono yangu. Nikakaa juu ya boneti. Nikawaambia wakate kuanzia kwangu.

"Shuka, usitutie aibu mbele ya wageni," baba mdogo akasema.

"Sishuki."

"Utashuka!"

"Nimeshuka mara ngapi maishani, baba mdogo? Tumeshuka kila tulipoambiwa tushuke. Leo sishuki."

Ndipo mama akatokea mlangoni, akijikongoja kwa fimbo, mkono mwingine umebeba dumu lake la pombe. Watu wakampisha, wakidhani amekuja kuwapoza kwa kinywaji. Mtu mmoja kweli alisogeza kikombe. Mama akanifikia, akaliweka dumu chini, akafungua mfuniko. Harufu ikapanda. Haikuwa harufu ya ndizi.

Baba mdogo alirudi nyuma hatua kadhaa. Pua yake ilijua kabla ya kichwa.

"Shemeji! Hiyo ni nini?"

"Petroli," mama akasema. "Mimi nani alininusa?"

Alikuwa ameinunua mjini siku ya kliniki ya miguu, akaileta ndani ya dumu la pombe, na ilikaa chini ya kitanda chake, jirani kabisa na cheti chake cha uraia.

"Na wakiturudisha?" baba mdogo akauliza, sauti imekuwa ndogo. Nilimhurumia. Alikuwa anaogopa kweli, kama mimi.

Mama akamtazama. "Walinifukuza mara ya kwanza nikakimbia na gari hili, mwana akiwa tumboni. Wakinifukuza tena nitakimbia na gari hilihili. Safari hii mwana ndiye dereva." Kisha akanigeukia. "Mwana wanje, mwanangu, linyweshe."

Nikalinywesha. Nikaunga betri ya sola. Nikachomeka hendeli. Nilipozungusha mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, likakohoa na kupiga mlio mmoja kama bunduki, na hapo ndipo kijiji kilipotawanyika. Naapa, hata wakataji wa chuma, wageni wasiojua lolote, waliingia migombani kwa sababu wenyeji wameingia. Milango ikafungwa kila upande. Jirani yangu wa karibu alitoka ndani kwake mbio amekumbatia cheti chake cha uraia kifuani kama mtoto mchanga, akasimama uwanjani bila kujua anakimbilia wapi.

Nikazungusha tena, likashika. Mwenye masikio hajasikia kitu kama kile. Liliunguruma, likatetemeka, likatoa moshi mweupe wenye harufu ya mawese na pombe ya ndizi, moshi mwingi kiasi kwamba nina hakika ndege zilibadili njia. Nikaingia kwenye usukani nikilia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikatia gia. Likatembea lenyewe. Likatoka chini ya paa la nyasi, likapita mbele ya nyumba, mpaka kwenye mwembe wa uwanjani, na miguu yangu ikiwa juu ya breki za wembe, zikashika.

Tukasikiliza king'ora. Mimi, mama, mke wangu na yule jirani mwenye cheti. Tukasikiliza kabisa, shingo zimenyooka. Ng'ombe mmoja alilia mbali.

"Labda mlio unachelewa kufika," jirani akanong'ona.

Hapo ndipo nilipochoka kuogopa. Nilisema sitakaa ndani ya nyumba yangu nikingoja kuja kuchukuliwa. Nitawafuata mimi. Mama akapanda nyuma juu ya tausi, kopo lake la karatasi mapajani. Mke wangu akakaa mbele, kama nilivyomwahidi, na kichwa amekinyoosha mpaka kikagusa paa. Baba mdogo alitoka migombani, akasimama, akatazama, kisha akafungua mlango wa nyuma akaingia bila kusema. "Kama tunarudishwa," alisema baadaye njiani, "nani atawasemea?"

Barabara ya Kasulu haijawahi kuona kitu kama sisi. Mteremko tulikwenda kama mfalme, mlima tulikwenda kama konokono mwenye homa, na mara mbili wapanda baiskeli walitupita wakitupungia. Namba za kule bado zilikuwa mbele na nyuma. Sikuzitoa. Nilitaka waone wenyewe.

Nikaegesha mbele ya ofisi ya uhamiaji mahali penye mteremko, nikaweka jiwe chini ya gurudumu. Ndani palikuwa na ofisa mmoja, dada wa umri wa binti yangu, anamenya chungwa. Akasimama kumwamkia mama, akampa kiti.

"Karibuni. Niwasaidie nini?"

Nikavuta pumzi. Nikamwambia yote nimesimama, kama mtu mahakamani: kwamba hapo nje kuna gari lililovuka na wazazi wangu, kwamba sisi tulipewa uraia lenyewe halikupewa, kwamba leo nimeliwasha kwa makusudi na kwa mkono wangu, kwamba sijutii na sitalizima, na kwamba kama mtambo wa mpakani umelia, basi nimekuja mwenyewe, lakini gari silitoi na karatasi sirudishi, wafanye watakavyo. Baba mdogo alikuwa amejificha nyuma yangu. Mama alikuwa amelishika kopo lake kwa mikono miwili.

Yule dada aliyasikiliza yote bila kucheka, jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Akatoka mpaka mlangoni, akalitazama gari, akatazama viti. Akarudi, akajifuta mikono.

"Mtambo gani, baba? Hakuna mtambo," alisema. "Uraia wanapewa watu. Gari halipewi uraia wala halinyimwi, gari linasajiliwa, na hilo si kazi ya ofisi hii. Nendeni kwa wanaohusika na forodha na usajili wa magari, mtaambiwa cha kulipa, mtapewa namba za hapa, mtakata na bima. Mpaka hapo msiliendeshe barabarani, litakokotwa kurudi nyumbani. Na nyie, vyeti vyenu ni vyenu. Hakuna anayerudishwa popote kwa sababu ya sauti ya injini."